Karavani yetu naipenda, ila nyumbani naificha

Shikamoo Somo,

Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu bila kuthubutu kuandika, kwa kuwa shida yangu naiona ndogo mbele ya za wenzangu. Inahusu likizo, na hata kuliandika neno lenyewe naona haya.

Nina miaka 41, mzaliwa wa Tanga, na mwaka huu natimiza miaka 16 Uingereza. Tunaishi Northampton. Mimi nahudumia wazee, zamu za usiku. Mume wangu, naye wa Tanga, anaendesha lori la kusambaza bidhaa madukani. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 15, wa kiume wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka 6. Likizo kwetu ilikuwa jambo moja tu: kudunduliza miaka mitatu, kwenda nyumbani wiki tatu, kurudi na deni, kisha kuanza upya. Agosti za katikati watoto walizimalizia sebuleni.

Miaka minne iliyopita, Jumamosi moja, mume wangu aliondoka asubuhi na gari letu, akarudi jioni anavuta karavani, nyumba ndogo ya magurudumu, kuukuu, yenye vitanda vitano. Alikuwa ameinunua pauni 3,800 kwa wazee wawili waliochoka kusafiri. Hakuniuliza. Sikusema naye siku mbili.

Safari ya kwanza tulikwenda Whitby, kule pwani ya Yorkshire. Mvua ilinyesha siku tatu. Nilipika, nikaosha vyombo, nikakunja vitanda kila asubuhi ili tupate meza, na jioni mume wangu akaniambia kwamba tangi la choo limejaa na lina mahali pake pa kumwagwa, upande wa pili wa kiwanja tulichoegesha. Somo, nililia. Siku ya nne jua likatoka, tukapanda vile vidato 199 vinavyokwenda hadi kanisani na kwenye magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa, kitinda mimba mgongoni kwa baba yake. Juu kule mume wangu alicheka, sikumbuki kwa jambo gani. Ninalokumbuka ni kwamba sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tulipokuwa wachumba.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Sasa mimi ndiye napanga njia. Ukivuta karavani huruhusiwi kupita maili 60 kwa saa hata kwenye barabara kuu, kwa hiyo kutoka kwetu hadi Northumberland, kaskazini kabisa mwa England, ni kutwa nzima, nami nimejifunza kuigawa hiyo kutwa. Mwaka juzi tulisimama South Shields kuswali kwenye msikiti wa Al-Azhar, mji ambao mabaharia wa Yemeni walianza kuhamia mwishoni mwa karne ya 19, na msikiti ambao bondia Muhammad Ali alikuja kubarikiwa ndoa yake mwaka 1977. Mama mkwe wangu baba yake alikuwa Mshihiri, mtu wa asili ya Yemen. Mume wangu alikaa pale ndani mpaka nikamtuma mtoto akamwite. Kesho yake tukafika Craster, kijiji cha wavuvi ambako samaki hukaushwa kwa moshi wa mwaloni. Harufu ile ilinishika mlangoni pa gari. Nikanunua samaki sita, nikawapika jioni kwa nazi ya kopo, na majirani zetu wa kiwanjani, mume na mke wenye umri wa mama yangu, wakaja kuuliza napika nini. Wakala nasi.

Halafu kuna Lindisfarne, kisiwa kinachofikiwa kwa barabara ambayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Ratiba ya saa za salama imebandikwa, na katikati kuna kibanda cha mbao juu ya miguu mirefu kwa wanaokamatwa na maji. Mume wangu aliutazama mwezi usiku ule akawaambia watoto: kesho bamvua, maji yatarudi kwa kishindo. Asubuhi walipoona barabara inamezwa, wa kiume aliniambia, "Mama, kumbe Baba anajua bahari!"

Sasa shida. Nyumbani hawajui haya. Mama yangu anaishi Ngamiani, Tanga, na mdogo wangu wa kiume. Kila mwezi natuma pauni 150. Mwaka jana waliniomba 400 za ziada kwa ajili ya paa, nikasema hali ngumu. Kweli ilikuwa ngumu, lakini mwezi uleule tulikuwa tumelipia bima ya karavani na ada ya mahali tunapoiegesha. Mwezi wa nne binti yangu akaweka picha kwenye WhatsApp: sisi watano mbele ya karavani, mapazia mapya niliyoyashona mwenyewe, tunakula. Dada yangu akaichukua, akaiweka kwenye kundi la ukoo na kuandika, "Kumbe hali ngumu ina mapazia."

Hakuna aliyemjibu. Mama hakusema lolote. Alinitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama watoto wanakula vizuri, basi. Sijaujibu mpaka leo, na wiki ya tano sasa.

Agosti hii mdogo wangu anaoa. Tiketi za watu watano nimeambiwa zinapita pauni 4,000, na hapo hatujasema mchango, nguo wala zawadi. Mume wangu ameshalipa arbuni ya wiki mbili, Northumberland kisha pwani ya Scotland. Anasema mwakani binti ana mitihani, na baada ya hapo hatatufuata tena kwenye karavani. Hii ndiyo ya mwisho sote watano. Aliniambia, "Miaka 16 nimemfanyia kazi kila mtu. Nipe wiki mbili." Sikuwa na jibu.

Kuna mwenzangu kazini anaitaka karavani kwa pauni 3,000. Nimefikiria kuiuza, nimwambie mume wangu ikishatoka, ili fedha zigeuke tiketi na maneno yaishe. Somo, mimi ni mbinafsi? Mtu anaweza kustarehe huku mama yake analala chini ya paa linalovuja?

Mama wa Watatu, Northampton

MAJIBU YA SOMO

Marahaba mwanangu. Shida yako si ndogo, wala usiione haya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi.

Nikikuelewa, una mambo mawili uliyoyafunga kamba moja. La kwanza lina tarehe: Agosti, arusi nyumbani, safari huku, na fedha za kimoja tu. La pili halina tarehe. Umepata kitu kinachokufurahisha, umekificha kwa wenu, na kimefichuliwa na mtu mwingine. Unataka kuiuza karavani ili yote mawili yaishe kwa mpigo. Naogopa la pili halitauzika nayo.

Nianze na paa, maana ndilo linalokuuma. Unasema mama analala chini ya paa linalovuja. Je, bado linavuja? Uliombwa mwaka jana. Katika barua yote sikuona mahali uliposema umeuliza limeishia wapi. Huenda mdogo wako alilitengeneza, huenda lingali vilevile, huenda zilihitajika 400 na sasa zinatosha 200. Mwanangu, unabeba paa ambalo hujui hali yake. Kabla ya kuamua lolote, uliza.

Pili, neno "kustarehe". Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na karavani miaka 11, kwa hiyo hapa nasema ninachokijua. Dada yako ameona mapazia. Hajaona watu watano kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Hajaona unavyobeba maji kwa kuyaviringisha kwenye pipa, wala tangi la choo, wala usiku ambao upepo wa pwani unaitikisa nyumba nzima na wewe uko macho unahesabu vigingi vya hema. Hajui kwamba bei mliyoinunulia haifiki hata tiketi zenu za safari moja. Hayo hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia. Unaandika kana kwamba wenu hawawezi kuelewa. Inawezekana. Lakini hujawajaribu.

Hapo hapo nikuambie na upande wa pili, maana nisingekutendea haki. Karavani haili mara moja. Kuna bima, maegesho, fundi wa kila mwaka, viwanja, na dizeli inayoongezeka gari likivuta. Chukua karatasi, wewe na mume wako, muandike mwaka mzima umekula kiasi gani, na pembeni muandike mlichotuma nyumbani. Sijui hesabu itasema nini. Inaweza kukupa utulivu, na inaweza kukuumiza. Vyovyote, utakuwa unazungumza na namba zako badala ya sentensi ya dada yako.

Na kuhusu sentensi hiyo, inauma kwa sababu ina kipande cha ukweli. Hali ilikuwa ngumu, na karavani ilikuwapo. Vyote viwili ni kweli, wewe ukatoa kimoja. Sikulaumu. Wengi wetu tulioko ng'ambo tumewahi kusema "hali ngumu" pale ambapo jibu refu lingekuwa "zipo kidogo, lakini nimeziweka kwa ajili ya watoto wangu". Hilo la pili ni gumu kulitamka kwa mama. Ila jiulize: dada yako aliumizwa na karavani, au aliumizwa kwa kuijulia kwenye picha?

Sasa mume wako. Alipoinunua hakukuuliza, ukanyamaza siku mbili. Leo unataka kuiuza bila kumwuliza. Atanyamaza siku ngapi? Nakuuliza kwa upole, kwa sababu najua umechoka na njia ya mkato inavutia. Pauni 3,000 hazifiki hata tiketi zenu. Mtakuwa hamna karavani, bado mnadaiwa, na ndani ya nyumba kuna mtu ambaye aliomba wiki mbili akapewa kiwanja kitupu. Kuiuza kwa makubaliano ni jambo jingine, hata sisi tulifika huko. Kwa siri, naona hatari yake kubwa kuliko hatari ya maneno ya ukoo.

Nimemfikiria sana huyu mume wako. Mtu anayeendesha lori mwaka mzima, likizo anaomba aendeshe tena. Anatafuta nini? Rudi kwenye barua yako utazame ulivyoviandika kwa furaha: samaki wa moshi, nazi, msikiti uliosimamishwa na watu waliofanana na babu yake, bamvua. Mwanangu, yote hayo ni Tanga. Mtoto wa miaka 11 amejifunza bamvua Lindisfarne, kwa sababu Tanga anafika kila baada ya miaka mitatu na huko kila mtu ana haraka ya kumlisha. Huenda mume wako haoni kwamba amechagua kati ya nyumbani na karavani. Mwulize. Na umwulize pia hilo la "kila mtu", ni nani hasa, maana mtu akisema hivyo mara nyingi kuna jina moja analiogopa kulitaja. Isije ikawa ni lako.

Tuje kwenye Agosti. Mnaweza kuvunja safari mwende wote watano arusini. Arusi ya mdogo wako ni moja, na mama atawaona wajukuu wake kwa pamoja. Gharama yake ni deni, arbuni inayoweza kupotea, na mume anayekaa meza kuu akiwa na donge. Kama ndiyo njia, iwe ni yeye pia ameichagua.

Waweza kwenda wewe peke yako siku kumi, tiketi moja, na mume wako akaondoka na watoto kama alivyopanga. Wengi wangekushauri hivi haraka haraka. Mimi naiona nzuri lakini ina miiba miwili. Ukoo utauliza mumeo yuko wapi, na jibu ni ile ile karavani, kwa hiyo lazima uwe umeshaisema kabla ya kutua. Wa pili ni binti yako. Mama asipokuwapo kwenye karavani, nani atapika na kukunja vitanda? Kama jibu ni yeye, basi hiyo safari ya mwisho ya sote itakuwa kwake kazi. Lizungumzeni hilo kwa majina na zamu, watoto wakiwapo.

Njia nyingine ni kuifupisha safari badala ya kuivunja. Ziko klabu za wenye karavani, mojawapo ni ya tangu mwaka 1907, ambazo wanachama wake wanaruhusiwa kulala kwenye viwanja vidogo vya mashambani visivyopokea zaidi ya karavani tano. Vingine havina bafu wala umeme, lakini bei ni nafuu kuliko viwanja vikubwa, na jirani yako ni kondoo. Wiki moja hivyo, na tofauti ikaingia kwenye tiketi yako au kwenye paa. Hatari ni kwamba kila mmoja atahisi amepewa nusu.

Waweza pia usiende, ukatuma mchango mnono. Usiikatae kwa hofu ya maneno tu, wala usiikubali kwa hesabu tu. Mama yako ana umri gani? Hukuniandikia. Wewe unajua.

Huenda pia umewaza, kama nilivyowaza mimi nikikusoma, kumleta mama huku siku moja aone mwenyewe. Ni wazo tamu, ila usimwahidi chochote kwa sasa. Viza si ya kuhesabiwa mfukoni. Na hata akifika, gari lenu watu watano wameshalijaza, na sheria hairuhusu mtu kukaa ndani ya karavani ikiwa inavutwa.

Jambo moja nimeliona ambalo hukuliuliza. Unapanga njia, lakini huishiki karavani mwenyewe. Kama una leseni ya gari ya Uingereza, tangu tarehe 16 Desemba 2021 hata waliofaulu mtihani kuanzia Januari 1997 wanaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Klabu hizo zina mafunzo ya kuvuta na kurudi nyuma. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 50, na mara ya kwanza nilipoingiza karavani kiwanjani kwa kurudi nyuma, mikono ilitetemeka mpaka usiku. Lakini tangu siku hiyo "karavani yake" ikawa yetu, hata maneno ya fedha tuliyasema kwa sauti nyingine.

Na mama. Alikutumia ujumbe wa sauti, akauliza kama watoto wanakula. Wewe umeusikia kama hukumu. Mimi, niliye mama, nimesikia mama aliyeona picha ya wajukuu wake wakila. Naweza kuwa nimekosea. Sauti yake unaijua wewe, mimi sijaisikia. Usikilize tena. Kisha umpigie, si kwenye kundi, wala usitangulize fedha. Mjibu alilouliza. Mwambie walikula samaki wa moshi kwa nazi ya kopo, na kwamba mlimkaribisha jirani. Atakuuliza jirani gani, mlikuwa wapi. Hapo utakuwa umeshaanza kumsimulia. Dada yako naye ana haki ya simu yake, na ile itakuwa ngumu zaidi. Iache hadi baada ya ya mama.

Umeniuliza kama wewe ni mbinafsi. Mbinafsi hakai wiki tano akishindwa kujibu ujumbe wa sekunde chache kwa uzito wa aibu. Ila mama yako hajui kwamba ni aibu. Yeye anaona kimya.

Niandikie ukishampigia, unieleze alivyosema kuhusu paa. Na mwambie mume wako atazame tarehe iliyopigwa chapa kwenye matairi ya karavani. Matairi ya karavani huzeeka kwa kukaa kabla hayajaisha kwa kutembea. Sisi tulikuwa tukiyabadilisha kila miaka mitano, na ya kwenu, kama ni yale mliyoyakuta, wenyewe wale wazee pengine waliyanunua zamani. Hilo lifanywe kabla ya Agosti, hata kama atakayeivuta ni mwenzako wa kazini.

Somo